Upepo Kwanza, Sabuni Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Harufu Unapowinda Kulungu

Kulungu anayezungumziwa hapa ni yule wa Amerika ya Kaskazini mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye wataalamu humwita Odocoileus virginianus, wala si pongo wa misitu ya kwetu ambaye mahali pengine naye huitwa kulungu. Ndiye mnyama rasmi wa jimbo la Pennsylvania, na ndiye anayewindwa na sisi Waswahili wachache tunaoishi huku, kila mmoja akiwa na leseni yake na cheti cha mafunzo ya usalama. Maelezo yangu yanatokana na safu za milima ya Appalachia katikati ya jimbo hilo, ambako vilima virefu vimejipanga sambamba kama matuta ya viazi na mabonde yamelala katikati yake. Anayewinda katika mashamba ya tambarare ya Iowa atapunguza habari za miteremko na kuongeza zile za upepo wa wazi.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue mapema mwongozo huu unaelekea wapi. Harufu ya mtu haiwezi kuondolewa ikaisha. Kinachowezekana ni kuipunguza kwa maji na sabuni, na kuielekeza, yaani kuchagua mahali pa kukaa na njia ya kupita ili harufu hiyo iende pasipo na kulungu. Kazi hii ya pili ina uzito mara nyingi kuliko ile ya kwanza, lakini haiuzwi kwenye chupa, na kwa hiyo mwindaji mgeni huingia dukani akatoka na vipulizi vya dola nyingi bila kuambiwa neno hata moja kuhusu upepo. Mimi mwenyewe nilianza hivyo.

Pua ya kulungu na jasho la mtu

Pua ya kulungu huwa na unyevu wakati wote, na unyevu huo hunasa chembe za harufu zinazopita hewani. Juu ya kaakaa lake kuna kiungo kingine cha pekee ambacho dume hukitumia kuchunguza mkojo wa majike. Ndiyo maana wakati wa kupandana utamwona amekunja mdomo wa juu na kuinua kichwa kana kwamba anacheka. Kulungu wenyewe huachiana habari kwa harufu, kwa kuwa wana tezi kati ya kwato, tezi kwenye viungo vya miguu ya nyuma, tezi pembeni mwa macho na tezi za kipaji. Jicho lake humdanganya mara nyingi, na sikio humtia shaka akasimama kusikiliza, lakini pua yake ikishamnasa mtu hangoji ushahidi mwingine.

Kwa upande wetu, jasho linapotoka kwenye ngozi halina harufu ya maana. Harufu hutengenezwa na bakteria wanaolila jasho hilo, hasa kwapani na kinenani ambako tezi hutoa jasho zito lenye mafuta na protini. Ngozi nayo hupukutisha chembe zilizokufa usiku na mchana, na chembe hizo hubeba bakteria na kuanguka kila tunapopita. Ukiongeza pumzi, nywele, na vyote vilivyonata kwenye nguo kama vile moshi, petroli na marashi, utaona kwamba mwindaji ana harufu mbili za kushughulikia: ile inayopeperushwa hewani wakati amekaa, na ile anayoiacha ardhini na kwenye majani wakati anapita. Hatua zifuatazo zinazigusa zote mbili, ila si kwa uzito sawa.

Hatua ya kwanza: Ujue upepo wa mahali penyewe

Wavuvi wa pwani hugawa chombo pande mbili: upande wa joshi ni ule upepo unakotokea, na upande wa demani ni ule unakoelekea. Nitayatumia maneno hayo kwa sababu yanaokoa maelezo mengi. Utabiri wa hali ya hewa ukisema upepo wa magharibi, maana yake upepo unatoka magharibi, na demani yako ni mashariki. Nimewaona watu wazima wakilikosea jambo hili jepesi na kukaa siku nzima wakimpulizia kulungu pumzi zao.

Utabiri, hata hivyo, unaeleza upepo wa juu na wa eneo zima. Ndani ya msitu upepo huo hukatwa na miti, hugeuzwa na vilima, na nyuma ya kila kizuizi hujizungusha kama maji nyuma ya nguzo ya daraja. Kwa hiyo unahitaji kifaa cha kuuona. Wengi hutumia chupa ndogo ya poda isiyo na manukato, ambayo hukuonyesha upepo ulipo karibu na mkono wako tu, kisha poda hupotea machoni. Chombo bora zaidi hakiuzwi: ni nyuzi za mbegu za mmea wa porini wenye utomvu mweupe, uitwao kitaalamu Asclepias syriaca, ambao huota kandokando ya mashamba. Ifikapo Oktoba maganda yake huwa yamekauka na kupasuka, na ndani yake mna nyuzi nyeupe laini kama usufi tunaojazia mito. Chuma maganda mawili matatu, ondoa mbegu, shindilia nyuzi ndani ya kikopo chenye kitundu, na uchomoe unyuzi mmoja kila unapotaka kuuliza upepo. Unyuzi huo utaufuata kwa macho kwa makumi ya mita, ukauona unapopinda, unapopanda na unapotua. Osha mikono baada ya kushika ganda bichi, maana utomvu wake huwasha macho vibaya.

Upepo wa pili hauko kwenye utabiri, nao ndio unaowashinda wengi. Aliyekulia pwani anaijua tabia yake: usiku bara hupoa upesi kuliko bahari, hewa baridi ikatoka bara kuelekea majini, na mashua zikatoka nayo alfajiri, mchana bara likipata moto, upepo hugeuka ukatoka baharini. Vilima vina mwendo kama huo. Hewa iliyopoa huwa nzito, nayo huteremka kama maji, ikifuata makorongo na kujikusanya mabondeni. Hewa iliyopashwa na jua huwa nyepesi, nayo hupanda ikifuata mteremko. Kabla ya mapambazuko, basi, harufu yako inashuka. Jua likishaupiga mteremko kwa muda, harufu inapanda. Na alasiri kivuli kinapoingia, inaanza kushuka tena. Mteremko unaotazama mashariki hugeuka mapema asubuhi, na hupoa mapema jioni. Siku ya mawingu mazito mwendo huu hudhoofika, na upepo mkali huufunika kabisa. Hatari kubwa ni ile siku tulivu, ya jua, yenye kaupepo kadogo, ambayo mgeni huiona ndiyo nzuri.

Nilijifunza hayo katika msimu wangu wa pili, mwishoni mwa Novemba. Nilikuwa nimekaa kwenye mteremko unaotazama kusini, na chini yangu kulikuwa na korongo lenye kijito ambamo kulungu walikuwa wakilala. Upepo ulikuwa wa magharibi, kwa hiyo demani yangu ilikuwa barabara ya vumbi ambayo hakuna mnyama angeikaribia mchana. Saa 9:30 alasiri nyuzi zilikwenda mashariki moja kwa moja mpaka zikapotelea barabarani, nami nikajipongeza. Jua lilipojificha nyuma ya kilima majani ya mwaloni yakanyamaza. Nikachomoa unyuzi mwingine. Ulikwenda mashariki kama hatua tano, ukasita, kisha ukaanza kushuka pole pole kwa kufuata mteremko, ukapita juu ya gogo lililoanguka, ukazama korongoni. Dakika kumi hazikupita, majike wawili wakatokea kutoka huko huko. Yule wa mbele alisimama mguu mmoja ukiwa hewani, akainua pua, akapiga kwato chini mara mbili, akatoa mkoromo mkali wa puani uliosikika bonde zima, na mikia yote miwili ikapanda kama leso nyeupe zinazopungwa. Siku hiyo nilikuwa nimeoga kwa sabuni maalumu na kupuliza dawa mpaka kwenye soli za viatu.

Hatua ya pili: Chagua mahali pa dungu

Wawindaji wengi wa huku hukaa juu ya dungu lililofungwa mtini, sawa na lile ambalo wakulima wetu hujenga shambani kulindia mpunga, isipokuwa hili ni la chuma. Urefu wa mita 5 hadi 6 unatosha. Kupanda juu husaidia kidogo, kwa sababu harufu husafiri umbali fulani juu ya vichwa vya wanyama walio karibu, lakini hakuipotezi. Harufu itashuka mbele kidogo, na jioni hewa ya kuteremka itaishusha chini ya mti wenyewe. Mkanda wa usalama ufungwe tangu unapoweka mguu wa kwanza kwenye ngazi, si baada ya kufika juu.

Swali la kwanza la kujiuliza kuhusu kila mti si kwamba kulungu wanapita wapi, bali harufu yangu itaishia wapi. Fikiria moshi unaotoka kwenye chetezo: karibu na makaa ni uzi mwembamba, na kadiri unavyokwenda mbali unatanuka na kutawanyika. Upande wako wa demani una umbo hilo. Tafuta mti ambao demani yake ni mahali ambapo kulungu hapiti kwa hiari, kama vile mto mpana, genge la mawe, ziwa, barabara au shamba la wazi mchana. Hapo utakaa kwa utulivu hata upepo ukiyumba kidogo.

Kwa majike na madume wachanga, kukaa demani ya njia yao kunatosha. Dume mzee ana hesabu nyingine. Katika safu hizi za vilima hupenda kulala theluthi ya juu ya mteremko ulio upande wa demani, upepo ukimjia mgongoni kutoka ng'ambo ya kilima, na hewa ya joto ikimpandia usoni kutoka bondeni. Hivyo nyuma ananusa, mbele anaona na ananusa pia. Anapotembea hupenda upepo umjie puani au ubavuni, na msimu wa kupandana unapopamba moto katikati ya Novemba huzunguka demani ya machaka wanamolala majike ili ayanuse yote kwa mkupuo mmoja. Ukichagua mti ambao upepo wake ni salama kwako kabisa, mara nyingi utakuwa umechagua mahali ambapo dume huyo haoni faida ya kupita. Inabidi umpe upepo unaomridhisha yeye, huku mstari wa harufu yako ukiikosa njia yake kwa kando kidogo. Upenyo huo ni mwembamba, na ni wa kutafutwa kwa nyuzi za usufi katika siku kadhaa tofauti kabla ya msimu, wala haubahatishwi siku ya kufungua.

Usitegemee mti mmoja. Tayarisha madungu matatu au manne yanayokidhi pepo tofauti, na uandike kwa kila moja pepo linazozikubali. Upepo ukiwa haufai kwa dungu fulani, usilikalie, hata kama jana yake ulimwona hapo dume mwenye pembe za kutikisa moyo. Hapa ndipo penye ugumu kuliko mahali pengine popote katika uwindaji huu, kwa sababu likizo ni siku tatu na upepo hauna habari na likizo yako.

Hatua ya tatu: Tengeneza njia ya kuingia na ya kutoka

Dungu zuri lenye njia mbaya ni dungu baya. Chora njia ambayo haikatizi mapito ya kulungu, haipiti mahali wanapolala, na wakati wa kupita demani yako isielekee kwao. Asubuhi kumbuka kwamba hewa bado inashuka: ukiingia kwa kupitia juu ya kilima wakati kulungu wako mashambani chini, harufu yako itawafikia kabla hujafika kwenye mti. Ni afadhali kuzunguka kwa upande wa pili wa kilima na kuvuka karibu na dungu, ukiwa umefika mapema kiasi cha saa nzima kabla hawajaanza kupanda kurudi malaloni. Jioni kinyume chake ndicho kinachofaa: keti chini kiasi kwamba hewa inayoteremka iichukue harufu na kuipeleka nyuma yako, korongoni, mbali na shamba wanalokuja kulisha.

Kijito ni rafiki mkubwa. Ukitembea ndani ya maji ya kina kifupi huachi harufu ya nyayo, sauti ya maji hufunika hatua zako, na mara nyingi mkondo wa hewa baridi hufuata bonde hilo hilo. Vaa gambuti za mpira, kwa sababu mpira haufyonzi harufu kama ngozi au kitambaa. Mwezi wa Agosti kata matawi yote yanayoziba njia, ili wakati wa msimu usilazimike kushika jani hata moja kwa mkono mtupu wala kusugua suruali kwenye vichaka, maana kila ulichogusa kitabaki na habari zako kwa saa nyingi baadaye.

Hatua ya nne: Nguo

Fua nguo za kuwindia peke yake, kwa sabuni isiyo na manukato wala kemikali za kung'arisha. Kemikali hizo ni tatizo la macho zaidi ya pua: kulungu hutofautisha vibaya rangi ya chungwa na kijani, lakini huona vizuri buluu na mwanga wa urujuanimno ambao jicho la mtu haliuoni, na kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha humeremeta mbele yake. Kwa hiyo fulana ya chungwa inayotakiwa na sheria haimshtui kwa rangi yake, ila inaweza kumshtua kwa sabuni uliyoifulia. Pennsylvania inadai inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni kwa jumla katika msimu wa bunduki, na hakuna sababu yoyote ya harufu au maficho inayohalalisha kuivua.

Kabla ya kufua, zungusha mashine tupu mara moja kwa magadi soda ya kuokea ili uondoe mabaki ya sabuni ya familia. Usitumie vitambaa vya manukato vya mashine ya kukaushia. Anika nguo nje kwenye kamba, kisha uzifungie ndani ya kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Kasha lenyewe lisikae ndani ya nyumba. Nasema hivi nikiwa na sababu: nyumba ya Mswahili hupikwa pilau, hukaangwa samaki, na Alhamisi jioni hufukizwa udi, na udi ulitengenezwa makusudi ili ushike kwenye nguo. Koti langu la kwanza lilikaa wiki mbili kwenye msumari wa korido, na mke wangu aliponiona nalikunjia begi alicheka akaniuliza kama ninakwenda kuwinda au kuoa. Tangu siku hiyo kasha linakaa kwenye banda la nje, na nguo hizo sizivai ndani ya gari wala kituo cha mafuta. Tone moja la petroli kwenye kiatu linatosha kuandika jina lako njia nzima, kwa hiyo mafuta hutiwa jioni kabla ya safari.

Hatua ya tano: Mwili

Hapa sitakaa sana. Oga asubuhi hiyo hiyo kwa sabuni isiyo na manukato, ukikazania kwapa, kinena, nyayo na nywele. Taulo nalo liwe limefuliwa kwa sabuni hiyo hiyo, jambo ambalo wengi husahau. Piga mswaki kwa magadi soda, usugue na ulimi. Acha kahawa, sigara, vitunguu saumu na marashi. Mwenye nywele nyingi au ndevu avae kofia ya sufu inayofunika. Baada ya kuoga vaa nguo za kawaida safi kwa safari, na za kuwindia zivaliwe pembeni mwa gari ukifika.

Hatua ya sita: Tembea bila kutoka jasho

Kazi yote ya kuoga inaweza kuharibiwa na dakika ishirini za kupanda mlima ukiwa umevaa koti la baridi. Siku ya nyuzi sifuri za Selsiasi mtu huvaa kila alichonacho pale kwenye gari kwa sababu anatetemeka, na akifika kwenye mti mgongo wake umelowa, kisha jasho hilo linampoza na kunuka kwa saa nne zinazofuata. Tembea ukiwa unahisi baridi kidogo. Vaa shati moja jembamba la sufu ya kondoo, ambayo haihifadhi harufu kama vitambaa vya plastiki, fulana ya chungwa juu yake, na koti zito ulifunge juu ya begi. Toka mapema ili usiwe na sababu ya kuharakisha. Kila baada ya hatua mia simama, funua kofia, sikiliza. Ukifika chini ya mti subiri dakika kumi mwili upoe, jifute kwapa na shingo kwa kitambaa chenye maji, badilisha shati kama limelowa na lile la jasho ulifungie kwenye mfuko wa plastiki, ndipo uvae koti na kupanda.

Hatua ya saba: Ukiwa juu ya dungu

Achia unyuzi wa usufi kila robo saa, na mara nyingi zaidi jua linapochomoza na linapozama, kwa kuwa ndizo nyakati ambazo hewa hugeuka. Ukiona nyuzi zimeanza kuelekea kule wanakotokea kulungu na hazirudi, shuka uondoke kimya kimya. Saa moja ya ukaidi huliharibu dungu kwa wiki nzima. Wawindaji hubishana kama mkojo wa mtu huwashtua kulungu au la. Mimi hubeba chupa, kwa kuwa usumbufu wake ni mdogo.

Jike akisimama na kuanza kupiga kwato chini, usitikisike. Huenda ameona kitu asichokielewa na bado hajanusa. Akiinamisha kichwa kama anayekula kisha akakiinua ghafla, anakujaribu. Akikoroma kwa mfululizo na kukimbia mkia juu, amekunusa, na wote walio karibu wameshapata habari. Liache dungu hilo lipumzike siku kadhaa, na uandike upepo ulikuwaje.

Vitu vya dukani

Nguo zenye kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu, hufanya kazi kwa kunasa chembe za harufu kwenye vitundu vya kaboni, na vitundu hivyo hujaa. Viwandani kaboni hufufuliwa kwa joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi, ambalo mashine ya kukaushia ya nyumbani haifikii hata kidogo. Tena uso na pumzi vinabaki nje. Ukizinunua, zinunue kwa sababu zina joto na zinakukaa vizuri.

Mashine za kutoa gesi ya ozoni huvunja chembe za harufu kwa kuziunguza kikemikali, na kasha la nguo lililopigwa ozoni kweli hupungua harufu. Lakini gesi hiyo huumiza mapafu ya anayeivuta, na hukausha na kupasua mpira, zikiwemo gambuti zako na lastiki za suruali. Isitumike kamwe ndani ya chumba au gari lenye mtu. Vipulizi vya kawaida havina madhara. Mimi hupulizia viatu na begi nikiwa kwenye gari, bila kutarajia muujiza. Vipulizi vya harufu ya msonobari au udongo sivikubali, kwa kuwa pua yenye uwezo ule haichanganyi vitu viwili kuwa kimoja: itanusa msonobari, na itanusa mtu aliyejipaka msonobari.

Mkojo wa kulungu unaouzwa kama chambo ni suala la sheria na la afya ya wanyama. Ugonjwa sugu wa kuwadhoofisha kulungu, unaojulikana kwa herufi CWD, ulitambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na ukagunduliwa Pennsylvania mwaka 2012. Unasababishwa na protini zilizokunjamana vibaya, ambazo hutoka pia kwenye mkojo na mate na hudumu ardhini kwa miaka. Kwa sababu hiyo majimbo kama Virginia na Vermont yamepiga marufuku mkojo wa asili, na Pennsylvania huukataza katika maeneo yanayosimamiwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Soma kanuni za mwaka husika, au uache kabisa kama ninavyoacha mimi.

Kuondoka, na daftari

Jioni giza likiingia huku kulungu wangali shambani mbele yako, usishuke mbele yao. Subiri waende. Kama hawaendi, mpigie simu mwenzako aje na gari hadi ukingo wa shamba. Watakimbia gari, kitu wanachokiona kila siku, na hawatajua kwamba mtini kulikuwa na mtu. Rudi kwa njia uliyoijia ikiwa hewa bado inairuhusu, la sivyo tumia ile ya pili. Nyumbani, gambuti na nguo zianikwe nje usiku huo huo kabla hazijarudi kwenye kasha.

Kisha andika ungali unakumbuka. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: dungu la kijitoni, alasiri, upepo wa kaskazini-magharibi kilomita 12 kwa saa, nyuzi zilikwenda mtoni hadi saa 10:20, zikaanza kushuka saa 10:35, majike watatu na dume mmoja mchanga walipita joshini saa 10:50, hakuna aliyeinua pua.